Kumkumbuka ndugu aliyeuawa katika machafuko ya siasa au ya dini: mwongozo kamili kwa familia za Unguja na Pemba

Kila machafuko yaliyopita katika visiwa vyetu yameacha ubishi wa hesabu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 1 Juni 1961, tume ya uchunguzi ya zama za ukoloni ilitaja vifo 68, wengi wao wakiwa Waarabu waliouawa mashamba ya Unguja. Kuhusu siku zilizofuata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, hakuna idadi inayokubaliwa na pande zote, na makadirio yanapishana kwa maelfu. Kuhusu tarehe 26 na 27 Januari 2001, siku za maandamano ya chama cha upinzani cha CUF, tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja watu 31, ilhali shirika la Human Rights Watch lilisema waliouawa hawakupungua 35. Ubishi huo una wenyewe, na hautakwisha leo. Kwa mama wa marehemu, hata hivyo, aliyeondoka ni mmoja, ana jina, na asubuhi ya siku ile alikuwa na kazi aliyokusudia kuifanya. Wajibu wa familia, kwa maoni yangu, ni kulihifadhi jina hilo moja kwa usahihi ambao hakuna mtu wa chama chochote atakayeweza kuutilia shaka, na kumrejeshea marehemu maisha yake yote ambayo kifo chake kimeyafunika.

Mwongozo huu ni wa familia yoyote iliyopoteza mtu namna hiyo: waliouawa mwaka 1961 na 1964, waliochukuliwa usiku katika miaka iliyofuata wasirudi tena, wakiwa miongoni mwao viongozi wanaojulikana kama Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, raia na askari waliokufa mwaka 2001, waliouawa Pemba katika siku za uchaguzi wa Oktoba 2020, na vilevile waliolengwa kwa sababu ya dini, kama Padri Evarist Mushi aliyepigwa risasi Unguja Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013. Sitaki kuzipanga nyumba hizi kwa ukubwa wa haki zao. Kazi inayozikabili inafanana.

Hatua ya kwanza: idhini ya wenye msiba

Kabla ya kugusa karatasi au picha yoyote, jua nani mwenye kauli. Msiba una wenyewe: mjane, wazazi kama wangali hai, watoto wa marehemu, kisha ndugu. Mpwa aliyeko Dar es Salaam, Maskati au London anaweza kuwa na fedha, simu nzuri na ari kubwa, lakini hana haki ya kuanza jambo hili bila ya neno la mjane. Wapo wanawake ambao kwa miaka mingi waliwaambia watoto wao kwamba baba alikufa kwa maradhi, kwa sababu walitaka watoto wasome skuli bila ya kunyooshewa kidole. Mwanamke kama huyo asiulizwe mbele ya kikao cha ukoo. Aulizwe peke yake, na mtu anayemwamini, tena kwa upole. Naye akisema bado, basi ni bado. Katika muda huo unaweza kuhifadhi vitu visiharibike, bila ya kuandika wala kutangaza lolote.

Idhini ikipatikana, kubalianeni mambo matatu na myaandike kwenye ukurasa mmoja: nani atashika karatasi za asili, nani ataruhusiwa kusoma kitakachoandikwa, na jambo gani halitatoka nje ya nyumba. Familia nyingi za kwetu zina ndugu wa chama hiki na ndugu wa chama kile, na nyingine zimeoana na watu wa upande uliowadhuru. Kwa hiyo ongezeni sharti la nne, kwamba maandishi ya marehemu hayatasifu chama wala hayatakilaani. Ikiwa alikuwa mwanachama wa Hizbu (chama cha Zanzibar Nationalist Party), wa Afro-Shirazi, wa CCM au wa CUF, andikeni hivyo, pamoja na mwaka aliojiunga kama unajulikana, na msimamo wake mwingine uelezwe kwa maneno aliyoyasema mwenyewe.

Hatua ya pili: maisha kabla ya kifo

Karibu kila kumbukumbu ya mtu aliyeuawa huanza na mlio wa risasi au kishindo cha mlango kuvunjwa, na matokeo yake ni kwamba wajukuu hujua saa aliyokufa babu yao lakini hawajui alipenda nini. Anzeni upande wa pili. Tuseme ami yako alikuwa mvuvi wa Kojani. Alivua kwa ngalawa yake au kwa mashua ya mtu? Alitega dema au alivua kwa mishipi? Samaki wake aliwauza wapi, na nani alikuwa mshirika wake wa daima? Chuoni alisomeshwa na nani? Alipopata fedha za msimu wa karafuu alinunua nini kwanza? Nani alikuwa akimdai, na yeye alimdai nani? Swali hili la deni si la utovu wa adabu, kwa sababu deni la marehemu lina hukumu yake katika dini, na mara nyingi ndilo linalofungua hadithi za ukarimu wake.

Kwa marehemu mwanamke, ulizeni kwa bidii zaidi, kwa kuwa wanawake huachwa nyuma katika kumbukumbu hizi na kutajwa kama mke wa fulani tu. Alisuka ukili wa aina gani, alichanganya rangi zipi kwenye mikeka yake, alikuwa akiimba nini akilaza watoto, majirani walimwita nani? Yupo pia mama aliyefariki mwaka mmoja au miwili baada ya mwanawe, akiwa hakuguswa na risasi ila hakula vizuri tena. Maisha yake yana nafasi katika daftari hilo hilo.

Jina liandikwe kwa ukamilifu: la kwake, la baba na la babu, pamoja na lakabu, kwa sababu katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo watu wawili au watatu wanaoitwa majina matatu yale yale. Usimwandikie kabila kwa kukisia. Kama alijiita Mshirazi, Mngazija, Mwarabu, Mmanyema au Mpemba, andika alivyojiita, kwani kabila katika historia yetu limewahi kuwa sababu ya kuuawa, na si haki sisi tulio hai kumbadilishia lake.

Hatua ya tatu: kuzungumza na wazee

Hapa ndipo kazi inapohitaji subira kuliko mahali pengine popote. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa Mapinduzi sasa amepita miaka 75, na waliokuwa watu wazima wakati ule wamebaki wachache sana. Ikiwa una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, basi liwe hili.

Nenda baada ya alasiri, mzee akiwa amepumzika, wala usiende na kundi. Watu wawili wanatosha, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kushika simu, na ni vyema mmoja wao awe jamaa anayemwita kwa jina la udugu, kama shangazi, mjomba, ami au halati. Mweleze unachotaka kufanya, nani atasikiliza, na kwamba anaweza kukataa swali lolote. Izime mitandao ya simu ili mazungumzo yasikatwe, iweke juu ya mto karibu naye, mbali na feni na redio, kisha rekodi dakika moja ya majaribio na uisikilize. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na majina ya mliopo.

Usianze na siku ya tukio. Anza na utoto wa marehemu, ndoa yake, nyumba yake, na umwache mzee afike mwenyewe kwenye siku ile. Akifika, swali lenye faida kuliko yote ni la kawaida kabisa: “Siku ile ilianzaje asubuhi?” Usimtilie maneno mdomoni kwa kumuuliza kama ni kweli kwamba fulani ndiye aliyekuja na panga, kwa maana mzee mwenye heshima anaweza kukubali ili asikuvunje moyo. Nyamaza anaponyamaza. Akilia, mpe maji, mwambie tunaweza kupumzika, na rekodi izimwe bila ya yeye kuomba. Yaliyowapata wanawake katika miili yao ni mali yao peke yao: mwanamke akitaka kuyasema, asikilizwe na mwanamke mwenzake, na rekodi hiyo isichanganywe na nyingine bila ya ruhusa yake ya wazi.

Unapoyaandika mazungumzo, yaache katika lafudhi ya msemaji. Kipemba cha bibi wa Micheweni au Kimakunduchi cha babu wa Unguja kusini kisifanyiwe usafi wa kitabuni. Kisha tenganisha daraja tatu za habari katika kila ukurasa. Ya kwanza ni ya kuona kwa macho, ambayo huandikwa hivi: “Bibi alimwona akitoka kwa mlango wa nyuma, amevaa kikoi na fulana nyeupe.” Ya pili ni ya kuambiwa na aliyeona: “Jirani alimwambia bibi jioni ile kwamba alimwona amelala kando ya barabara.” Ya tatu ni ya kusikia tu: “Ilisemekana walizikwa pamoja.” Daraja zote tatu zina thamani, na hata uvumi unaeleza watu waliogopa nini, ila ukizichanganya, siku moja ataibuka mtu aonyeshe kosa katika ya tatu ili aikanushe ya kwanza.

Majina ya wanaotuhumiwa ni suala zito, na nina msimamo juu yake. Yasifutwe, lakini yasiwekwe katika maandishi ya familia yatakayosomwa na kila mtu. Yaandikwe kwenye karatasi ya peke yake, pamoja na kutaja nani alisema na kwa daraja gani, na karatasi hiyo itiwe bahasha na ikabidhiwe mtu mzima mmoja. Jina lililotajwa kwa kusikia linaweza kumwangukia asiyekuwamo, na watoto wa mtuhumiwa wanasoma skuli moja na watoto wako. Kama kuna shahidi wa macho na familia inakusudia kudai haki, onana na wakili kwanza, kabla ya kuandika chochote mahali pa watu.

Kuziweka tarehe sawa

Wazee wetu hawahesabu kwa Januari na Februari. Wanakumbuka mwezi wa mfungo, msimu na swala, na ukijua kubadilisha utapata usahihi wa kushangaza. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifanyika Alhamisi, kiasi cha wiki moja baada ya Idd el Hajj, hivyo anayesema nyama ya Idi ilikuwa haijawatoka mdomoni anasema kweli. Mapinduzi yalitokea Jumapili, mwishoni mwa Shaabani ya mwaka 1383 Hijria, siku chache kabla ya Ramadhani kuandama. Kwa hiyo anayekumbuka kwamba babu yake alichukuliwa “Ramadhani imeingia” anazungumzia siku za baadaye, wala si usiku wa kwanza. Tarehe 26 Januari 2001 ilikuwa Ijumaa na 27 Jumamosi, mwanzoni mwa Mfungo Pili, yaani mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020 uliangukia Jumatano, katika wiki ile ile ya Maulidi ya Mfungo Sita.

Angalia pia usiku. Mzee akisema “usiku wa Jumapili”, mara nyingi anakusudia usiku wa kuamkia Jumapili, ambao kwa kalenda ya ukutani ni Jumamosi. Muulize: ulikuwa kabla ya swala ya alfajiri ya siku gani? Jibu la swali hilo halina utata.

Mahali nako kunabadilika. Sehemu za Ng'ambo, mjini Unguja, zilizokuwa na nyumba za udongo mwaka 1964 zilivunjwa baadaye kupisha majumba ya Michenzani, na mtaa anaoutaja bibi huenda leo hauna hata uchochoro. Mwombe aeleze kwa msikiti, kisima, mwembe au duka la nani, chora ramani ndogo mbele yake, na umwonyeshe airekebishe.

Hatua ya nne: karatasi, picha na nguo

Kusanyeni kila kitu kabla ya kuamua kipi kina maana: cheti cha kuzaliwa, shahada ya skuli, kadi ya chama, stakabadhi za mauzo ya karafuu, barua, karatasi za hospitali, kadi za wakimbizi za wale waliovuka kwenda Shimoni, pwani ya Kenya, mwaka 2001, ambao walikadiriwa kufika 2,000. Kikoi au kofia iliyobaki iachwe kama ilivyo, isifuliwe.

Adui wa karatasi Unguja na Pemba ni unyevu wa masika, kisha mchwa. Msiipitishe karatasi ya zamani katika mashine ya kuibana kwa plastiki, wala msiunge iliyochanika kwa selotepu, kwani gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Itieni kila moja katika bahasha safi ya karatasi, bahasha zipangwe katika boksi lenye mfuniko, muongeze vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, na boksi liwekwe kabatini juu, mbali na ukuta wa nje. Lifungueni wakati wa kiangazi mkague.

Kupiga picha za nyaraka hakuhitaji mashine ghali. Weka karatasi mezani karibu na dirisha asubuhi, simu iwe sambamba nayo, bila ya mwanga wa simu, na upige pande zote mbili, kwa sababu nyuma ya picha za zamani huandikwa tarehe na jina la studio. Lipe kila faili jina linaloeleweka, yaani mwaka, mahali na mtu. Nakala ziwe tatu: moja nyumbani, moja kwa jamaa aliyeko nje ya kisiwa, na moja katika hifadhi ya intaneti ambayo nywila yake inajulikana na watu wawili. Nyumba ikishika moto au simu ikiibiwa, kazi ya miaka haipotei.

Baada ya hapo nendeni Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani. Huko yamehifadhiwa magazeti ya zama za siasa, kama vile Mwongozi na Afrika Kwetu, pamoja na majalada ya utawala wa kikoloni. Msiende kutafuta kifo tu. Marehemu anaweza kuonekana katika orodha ya waalimu, katika timu ya mpira, au katika ombi la leseni ya duka, na familia nyingi hazina picha nyingine yake.

Hatua ya tano: kaburi likiwapo, na lisipokuwapo

Kaburi likijulikana, kazi ni nyepesi: safisheni, lijueni kwa alama, na wapelekeni watoto walione. Kama familia haipendelei kujenga juu ya kaburi, jiwe la kichwani na kumbukumbu ya mahali katika daftari vinatosha, maana makaburi ya shamba hufunikwa na majani kwa misimu miwili tu.

Nyumba nyingi hazina hata hilo. Kwa walioshikilia madhehebu ya Shafii, swala ya ghaibu juu ya maiti asiyekuwapo inajuzu, na familia ambayo haikupata kumswalia ndugu yake mwaka 1964 au katika miaka iliyofuata inaweza kumuuliza sheikh wake juu ya kuisali leo. Ibadhi nao wawaulize wanavyuoni wao. Nimeona jambo hilo likiwatuliza watu wazima waliokuwa wakiishi kwa miongo mingi kama waliomwacha mtu njiani. Kwa Wakristo, padri anaweza kuombwa misa kwa ajili ya marehemu, na tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, inawapokea pia ambao makaburi yao hayajulikani.

Mkidokezwa kwamba watu walizikwa pamoja mahali fulani, msichimbe. Mifupa ikichanganywa haitambuliki tena, heshima ya wengine waliolala hapo inavunjwa, na ushahidi unaharibika. Pigeni picha ya mahali kutoka mbali, andikeni nani alidokeza na lini, zungumzeni na mwenye ardhi na sheha, yaani kiongozi wa shehia, na msome dua hapo mkipewa ruhusa. Wenye uwezo huweka badala ya kaburi sadaka inayoendelea: kisima, mas-hafu ya chuo, mkeka wa msikiti, au ada ya mwanafunzi yatima. Kisima ndicho ninachokipendelea, hasa Pemba, kwa kuwa hata mtu wa chama kingine atakunywa, na jina la marehemu litatajwa na midomo isiyomjua.

Hatua ya sita: cheti, mirathi na eda

Familia huona haya kuzungumzia mali wakati wa majonzi, na haya hiyo huzaa ugomvi kwa wajukuu. Kifo kisajiliwe. Kwa Zanzibar ofisi inayohusika ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na safari huanza kwa sheha wa shehia aliyoishi marehemu. Kifo cha zamani kisichosajiliwa kitahitaji maelezo ya mashahidi, na hapo ndipo rekodi zenu za hatua ya tatu zinapopata kazi nyingine.

Kwa Waislamu, mirathi hupitia Mahkama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inahusika na usimamizi wa mali za marehemu. Aliyetoweka bila ya habari ana hukumu yake ya peke yake: hahesabiwi maiti kwa dhana ya familia, bali Kadhi ndiye anayetoa hukumu baada ya kusikiliza ushahidi. Tofauti hii ina uzito. Ikithibiti kwamba alikufa siku fulani, warithi ni wale waliokuwa hai siku hiyo. Kadhi akimhukumu kuwa amekufa kwa sababu ya muda mrefu wa kutoweka, warithi huangaliwa wakati wa hukumu. Mtoto aliyefariki katikati ya tarehe hizo mbili anaingia au anatoka, na watoto wake pamoja naye. Ndiyo maana nasisitiza tarehe.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue akiwa mjamzito. Kwa mke wa aliyetoweka, swali la eda inaanza lini ni la Kadhi, wala lisijibiwe na mashemeji barazani.

Hatua ya saba: siku ya kumbukumbu

Kuna siku za taifa zinazogongana na misiba ya watu. Tarehe 7 Aprili, siku ambayo Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui mwaka 1972, husomwa hitma ya hadhara. Tarehe 12 Januari ni sikukuu, yenye gwaride na nderemo, na kwa wengi ni siku ya furaha ya kweli. Lakini nyumba iliyompoteza baba katika siku hizo hujikuta ikilia huku mtaa ukisherehekea. Nyumba hiyo naishauri itumie kalenda ya Hijria. Hitma ikisomwa mwishoni mwa Shaabani, itakuwa ni siku yake kwa hesabu ya dini, haitakutana na sikukuu isipokuwa kwa nadra, na hakuna atakayeifikiria kuwa ni kebehi kwa sherehe za wengine. Familia za mwaka 2001 zinaweza kushika mwanzo wa Mfungo Pili.

Katika mpango wa siku yenyewe, gaweni juzuu 30 kwa wasomaji mapema, ili hitma imalizike kwa wakati. Baada ya dua, mtu mmoja asome ukurasa mmoja kuhusu maisha ya marehemu, usiozidi dakika tano, uliotokana na hatua ya pili. Chakula kiwe cha kiasi. Wali na kahawa vinamheshimu marehemu sawa na biriani ya mkopo. Ikiwa ipo sauti katika ukoo inayopinga hitma kwa sababu za kidini, iheshimiwe: dua ya kila mtu peke yake pamoja na sadaka haina mpinzani.

Bendera, fulana za chama na hotuba zikae mbali. Kiongozi akitaka kuja, aje kama jirani, akae mkekani na aondoke bila ya kipaza sauti. Waalikeni pia majirani waliokuwa upande wa pili na ambao hawakumdhuru mtu. Wapo waliomficha mtu uvunguni mwaka 1964 au waliopeleka chakula nyumba za waliokimbia mwaka 2001, na majina yao yaandikwe katika daftari kwa herufi zile zile za marehemu.

Kuwaeleza watoto

Mtoto wa miaka saba anahitaji kujua kwamba babu alikuwa nani, alikuwa mpole au mkali, na kwamba aliuawa na watu waliofanya kosa kubwa wakati wa ugomvi wa siasa. Inatosha. Habari za majeraha zisubiri. Akifika sekondari, msomeeni maandishi yenyewe akiwa na mtu mzima pembeni, naye aulize anachotaka. Msimwambie “watu fulani walimuua babu yako” mkikusudia kabila zima, dini nzima au kisiwa kizima, kwa sababu waliofanya walikuwa watu wenye majina, na mtoto akikua na chuki ya kabila atakuwa amerithi kile kile kilichomuua babu yake.

Kitakachotoka nje ya nyumba

Picha ya maiti isisambazwe katika WhatsApp, hata kama mlitumiwa na wengine. Atakayeiona kwanza huenda akawa mwanawe. Tanzia ya mtandaoni iwe na jina, picha ya uhai, kazi yake, tarehe na dua, bila ya namba za simu za jamaa wala maelekezo ya nyumba. Neno “shahidi”, kwa maana ya aliyeuawa kwa ajili ya dini, mlitumie kwa ushauri wa sheikh wenu, maana lina hukumu zake, na vyama hulipenda kwa mabango yao.

Maandishi yakikamilika, tayarisheni matoleo mawili: lile kamili la nyumbani, na fupi ambalo mjane na watoto wameridhia lisomwe na watu. La pili linaweza kupelekwa Nyaraka za Taifa au chuo kikuu, pamoja na barua inayoeleza masharti ya kusomwa kwake. Katika toleo la nyumbani acheni kurasa tupu mwishoni, kwa kuwa shahidi mwingine aliyeona anaweza kujitokeza baada ya miaka. Kila nyongeza iwe na tarehe na saini, bila ya kufuta iliyotangulia hata kama imepingwa. Mwisho, andikeni katika ukurasa wa kwanza jina la kijana wa ukoo atakayekabidhiwa boksi baada ya mshikaji wa sasa, na mmwonyeshe lilipo kabati.